Mkuki Juu ya Mlango wa Msikiti

Wareno walipotia nanga Malindi mwaka 1498, tayari walikuwa na jina la watu waliowakuta. Waliwaita mouro, neno lilelile walilowaitia Waislamu wa Andalusia na Afrika Kaskazini. Kwao Mwislamu alikuwa mouro tu, awe wa Granada, awe wa Malindi. Wahispania nao walilibeba neno hilo mpaka Ufilipino, na hadi leo kuna watu kule wanaoitwa Wamoro.

Neno hilo halijaondoka kabisa pwani yetu. Tembea kati ya Malindi na Watamu uangalie majumba ya kifahari yenye kuta nyeupe na matao. Uliza ni mtindo gani, utaambiwa "Kimoro", au "Kiarabu", au ukibahatika, "Kiswahili" kwa sauti ya chini. Kisha mtu huyohuyo anaenda Gede, kilomita chache tu kutoka hapo, anatazama kuta za kijivu zilizobomoka ndani ya msitu na kurudi amenuna kidogo. Ati alitarajia kitu kama Alhambra.

Basi tuanze na Alhambra, maana kulinganisha si dhambi. Ujenzi wake ulianza mwaka 1238 chini ya Muhammad wa Kwanza wa ukoo wa Nasri, na ule Ua wa Simba uliojaa kwenye picha ni wa karne ya 14, enzi za Muhammad wa Tano. Gede nayo, kuna kaburi lililochongwa mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399. Ni rika moja. Wakati mafundi wa Granada wanachonga plasta iwe kama lesi, mafundi wa huku walikuwa wanachoma matumbawe yawe chokaa. Kwa hivyo hatulinganishi baba na mtoto aliyemwiga vibaya. Ni majengo mawili ya dini moja, zama moja, yaliyojibu maswali tofauti.

Swali la kwanza la fundi wa pwani lilikuwa boriti. Kwa kawaida hakuwa na paa la kuba juu ya msikiti wake. Alikuwa na paa bapa la mawe na chokaa, zito kwelikweli, lililobebwa na miti ya mikoko. Mti wa mkoko una urefu wake, na hauwezi kubeba uzito huo ukiuvusha mbali sana. Ndiyo maana vyumba vya mawe vya pwani hii ni vyembamba, hata katika nyumba ya tajiri: karibu mita tatu kwa upana, na urefu utakaoutaka. Sisi wa Ngomeni tuliokua tukiona boriti zikitolewa kwenye mikoko hatuhitaji mhandisi atueleze jambo hili. Chumba cha sultani kilipimwa na mti unaoota kwenye matope.

Ingia sasa msikiti mkuu wa Gede. Utaona safu tatu za nguzo, na safu ya katikati inasimama mbele ya mihrabu kabisa. Mgeni aliyezoea picha za Istanbul ataona ni kosa: kwani nani anaweka nguzo mahali pa kutazama? Na kweli, kuna gharama. Aliyesali nyuma hakumwona imamu vizuri. Lakini jengo hili halikutengenezwa ili mtu asimame mlangoni ashangae. Limetengenezwa kwa bega kwa bega, safu baada ya safu, na kwa sikio. Nguzo zinakuzuia kuona mbele na kukurudisha kwa jirani yako. Mimi naona ni uamuzi wenye heshima, hata kama chanzo chake ni urefu wa boriti tu.

Mihrabu yenyewe inaelekea kaskazini. Hapa jiografia imetupendelea: Malindi na Makkah ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, kwa hivyo kibla chetu ni kaskazini karibu kamili. Nje kuna kisima na birika la kutawadhia. Hakuna mnara. Misikiti ya kale ya pwani kwa kawaida haikuwa nao. Mwadhini alipanda juu ya paa. Anayetafuta Uislamu kwa kutafuta minara na kuba atapita hapa bila kuuona.

Sasa twende kwenye mlango ulionifanya niandike makala hii. Kwenye pembe ya tao la mlango mmoja wa msikiti huo kumechongwa ncha ya mkuki, pana, waziwazi. Si aya wala ua. Ni mkuki. Aliyeuchonga alijua watu watapita chini yake mara tano kwa siku, na hakuna aliyeona haja ya kuubandua. Kwa maoni yangu huo ndio mstari muhimu kuliko yote Gede, na ndio usiosomwa sana.

Kwa nini hausomwi? Kwa sababu msomaji wa kwanza mkubwa wa mji huu alikuja na kichwa cha habari tayari. James Kirkman alianza kazi Gede mwaka 1948, akachimba karibu miaka kumi, na lazima tumshukuru: bila yeye na vibarua wake msitu ungemeza kila kitu. Lakini kitabu chake cha 1954 kiliuita Gede, tangu jaladani, mji wa Kiarabu. Nyumba nazo akazipa majina ya vitu alivyovikuta: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Ni majina mazuri ya kukumbuka, lakini yanatufundisha kuutazama mji kama duka la vitu vilivyoletwa. Aliyeweka vyoo ndani ya nyumba karne ya 15, aliyejua kuchanganya chokaa ikashika hadi leo, huyo hana jina.

Wengine wamesoma tofauti tangu hapo. Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, akakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa mwanzo wa miti, wa karne ya 8, na ya mawe ikafuata baadaye. Yaani hakuna siku ambayo jahazi lilishusha mji uliokamilika. Mwaka 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba kutoka makaburi ya kale ya pwani: upande wa akina mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa, na upande wa akina baba ulikuwa na mchango mkubwa kutoka Uajemi kuanzia karibu mwaka 1000. Kwa hivyo anayesema "ni Waarabu" amekosea, na anayesema "hakuna mgeni aliyehusika" naye anajifurahisha. Mkuki na mihrabu viko jengo moja.

Huku kwetu hili si suala la wasomi peke yao. Kaunti ya Kilifi ina watu wengi wanaoishi kwenye ardhi wasiyo na hati yake. Ukimwambia mtoto wa Kigiriama kwamba Gede ni ya Waarabu, umemwambia historia ya mawe haimhusu. Ukimwambia mtoto wa Kiswahili hivyohivyo, umemwambia yeye ni mgeni. Sentensi moja inawafukuza wote wawili. Ngomeni tumezoea kuonyeshwa makubwa yasiyo yetu: majukwaa ya San Marco baharini ni ya Waitaliano, na setilaiti ya Uhuru ya 1970, licha ya jina lake, ilikuwa ya Wamarekani. Hayo ni kweli, hatubishani nayo. Gede ni kesi nyingine.

Mwaka 2024 UNESCO iliuandika mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wageni wataongezeka, na vibao vitaongezeka. Ningepewa kibao kimoja cha kuandika, ningekiweka kwenye ule mlango, kwa Kiswahili kwanza, kisha Kigiriama: Walioujenga msikiti huu walichoma matumbawe ya bahari hii, wakakata mikoko ya matope haya, wakaelekea Makkah, wakachonga mkuki. Inua kichwa uutazame kabla hujaingia.