Kifafa cha mimba katika "ER": kosa lilivyojengwa hatua kwa hatua

Machi 1995 televisheni ya NBC ya Marekani ilirusha "Love's Labor Lost", mojawapo ya sehemu za msimu wa kwanza wa tamthilia ya ER. Mjamzito aliyekaribia kujifungua anafika kitengo cha dharura cha hospitali ya kubuni ya County General, Chicago. Shida yake ni kukojoa mara kwa mara. Daktari Mark Greene, anayeigizwa na Anthony Edwards, anapima mkojo, anaona ni maambukizi ya kibofu, anamwandikia dawa na kumruhusu. Hajafika mbali, mumewe anamrudisha akiwa amepoteza fahamu, mwili unakakamaa na kutikisika. Ni kifafa cha mimba.

Mwandishi wa sehemu hii, Lance Gentile, alikuwa mwenyewe daktari wa dharura, na ujuzi huo unaonekana katika dalili aliyoichagua. Mjamzito wa miezi ya mwisho kukojoa mara kwa mara ni jambo la kawaida, kwa kuwa mtoto anakandamiza kibofu. Protini katika mkojo, ambayo pamoja na presha ya 140/90 au zaidi huashiria hatari ya kifafa cha mimba, inaweza pia kutokana na maambukizi ya kawaida. Kwa hiyo Greene hakosei kwa uzembe wa kitoto. Anakosea pale ambapo daktari mzuri, mwenye foleni ya wagonjwa, anaweza kabisa kukosea. Ndiyo maana kosa lake linauma.

Kisha matukio yanafuatana. Mama anachomwa magnesiamu salfeti, dawa inayotumika hadi leo kuzuia mtikisiko usirudi. Daktari wa uzazi anachelewa, Greene anaamua kumzalisha palepale, kichwa cha mtoto kinatoka lakini mabega yanakwama. Anakirudisha kichwa ndani na kumpasua mama. Mtoto anapona. Kondo la nyuma limeachia, damu haigandi tena, na mama anafariki licha ya juhudi ndefu za kuushtua moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 katika New England Journal of Medicine ulichunguza vipindi vitatu vya televisheni, ER kikiwemo, ukakuta takriban theluthi mbili ya waliofanyiwa juhudi kama hizo wanapona hadi kuruhusiwa kwenda nyumbani. Hali halisi hospitalini iko mbali sana na hapo. Sehemu hii haikumpa mtazamaji faraja hiyo ya uongo, na kwangu huo ndio ujasiri wake mkubwa.

Gentile na mwongozaji Mimi Leder walitunukiwa Emmy kwa kazi hii, na walistahili. Hata hivyo nina hoja moja ya kitabibu. Kondo kuachia mapema na damu kushindwa kuganda ni madhara yanayojulikana ya kifafa cha mimba. Yanazaliwa na ugonjwa uleule ambao Greene hakuuona. Mabega kukwama ni habari nyingine, inayotegemea zaidi ukubwa wa mtoto na njia anayopita. Tukio hilo linatisha, lakini linachanganya mnyororo: mtazamaji hajui tena kama mama aliuawa na kosa la mwanzo au na bahati mbaya iliyokuja baadaye. Bila mabega hayo, kila tone la damu lingerudi moja kwa moja kwenye kile kipimo cha mkojo.