Tamaa na Wenye Ruhusa ya Kuwa Nayo

Neno tamaa limechakaa upande mmoja, kama kisigino cha kandambili. Likitajwa, aghalabu ni kwa kulaumu. Karani aliyekula rushwa aliingiwa na tamaa. Kijana aliyetapeliwa na wakala wa kazi za Uarabuni, tamaa. Mwanafunzi aliyepata mimba kaponzwa na tamaa. Wahenga nao wanasubiri mlangoni na lao: tamaa mbele, mauti nyuma.

Lakini watu haohao humwambia aliyefeli mtihani, "Usikate tamaa." Na mgonjwa akizidiwa, nimewasikia wazee wakisema kwa sauti ya chini, "Huyu hatuna tamaa naye tena." Hakuna aliyedhani wanazungumzia uroho.

Asili ya neno ni Kiarabu, na huko pia lina sura mbili. Katika Kurani, Sura ya As-Sajda, limewekwa sambamba na hofu kueleza hali ya wale wanaoacha vitanda vyao kumwomba Mola wao. Maana ya matumaini, basi, hatukuibandika sisi, ilikuja nalo. (Tamani, ingawa masikio hulidhania ndugu yake, lina mzizi mwingine.)

Hebu msomaji alinganishe na kiu. Aliyekata kiu amekunywa, ameridhika. Aliyekata tamaa hakupata kitu. Kitenzi ni kilekile, ila mmoja amekata kwa kupata na mwingine kwa kukosa, na sijui kama tungeweza kueleza vizuri zaidi tofauti ya mwenye kisima na asiye nacho.

Kinachonikera ni jinsi tunavyoligawa neno hili. Tajiri mwenye viwanda vitatu akitaka cha nne, tunamwita mwenye maono. Mama ntilie akikopa aongeze meza ya pili, kisha mkopo ukamshinda, tunasema alikuwa na tamaa. Wanasiasa ndio wakubwa pekee tusiowasamehe, na hata wao tumewatafutia neno lao: uchu wa madaraka.

Nirudi kwa yule mwanafunzi. Hukumu yake hutolewa barazani kwa neno moja, na kesi ikaishia hapo. Hata aliyempa mimba hatajwi. Sijasikia mtu akiuliza binti alitamani nini hasa. Shule ikiwa mbali kilomita saba, jua kali, na mwenye bodaboda akasimama kumpa lifti, huenda alichotaka ni kuwahi kipindi cha kwanza.