Saa Sita Juu ya Masisi: Hesabu ya Kivuli Usoni

Aliyewahi kuona picha za Richard Mosse kutoka Kivu, mashariki ya Kongo, hakumbuki kwanza sura za watu. Anakumbuka rangi ya waridi. Malisho ya milimani, migomba na msitu vimegeuka pinki kama peremende, na katikati ya peremende hiyo amesimama mwanamume na bunduki yake. Mosse, mzaliwa wa Ireland, alianza kupiga picha hizo mwaka 2010, akawa anarudi Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Zikatoka katika kitabu kiitwacho Infra, kisha ikaja filamu ya The Enclave, iliyoonyeshwa kwenye banda la Ireland huko Venice mwaka 2013. Tangu hapo ubishi umekuwa ule ule: je, vita ina haki ya kupendeza hivyo?

Ubishi huo una wenyewe. Mimi hupiga harusi, ubatizo na picha za vitambulisho, na kilichonikosesha usingizi ni jambo dogo zaidi. Mtu yule aliwezaje kupiga sura za watu kwenye jua lile?

Maana hakuwa na hiari ya kulikimbia. Filamu aliyotia kwenye kamera, Kodak Aerochrome, ilitoka katika ukoo wa filamu za upelelezi wa angani, zilizobuniwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili rubani atofautishe jani hai na turubai lililopakwa rangi ya kijani. Jicho halioni tofauti hiyo; filamu huiona. Jani hunywa mwanga mwekundu na wa buluu, hurudisha kijani kidogo, lakini miali ya infraredi, ile inayofuata baada ya wekundu wa mwisho tunaouona, huirudisha karibu nusu nzima. Aerochrome ina tabaka la infraredi, na tabaka hilo ndilo linalochapwa kwa rangi nyekundu. Basi kilicho kijani kwetu kinatoka waridi. Mbele ya lenzi huwekwa filta ya njano, kwa sababu matabaka yote matatu yana tamaa ya buluu na yangeharibu hesabu.

Hapo ndipo jua linapoingia. Kipima mwanga cha kawaida hakisomi infraredi, kwa hiyo mpiga picha anakisia. Chini ya jua kavu kisio hicho hakimtupi mbali, kwa kuwa uwiano kati ya mwanga unaoonekana na usioonekana hautetereki sana. Wingu likitanda, wekundu unafifia na hesabu inavurugika. Mwanga ambao kila fundi humwambia mwanafunzi wake aukimbie, kwa Mosse ndio uliokuwa mtaji. Moja ya picha zake za 2010 inaitwa Colonel Soleil's Boys, yaani vijana wa Kanali Jua. Sidhani alilichagua jina hilo kwa ajili yetu mafundi, ila nilicheka.

Sasa tuje kwenye kivuli.

Masisi na Walikale, huku Kivu ya Kaskazini, ziko takriban nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba jua la adhuhuri huku halishuki chini ya nyuzi 65 kutoka upeo wa macho, mwaka mzima. Mwezi wa Juni hupita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba husimama utosini kabisa. Mpiga picha wa Ulaya anayelalamikia jua kali la mchana hajui analolalamikia. London, siku ya jua la juu kuliko zote mwakani, halifiki hata nyuzi 63.

Lakini tuna chombo ambacho Mzungu hana, nacho ni saa ya Kiswahili. Jua la ikweta hupanda nyuzi 15 kila saa. Sisi tunaanza kuhesabu linapochomoza. Saa moja ni nyuzi 15, saa mbili ni 30, saa tatu ni 45, saa nne ni 60. Zidisha saa kwa 15, umepata pembe. Hesabu hiyo inakubali vizuri zaidi huku kwetu kuliko Nairobi, kwa kuwa saa ya mashariki ya Kongo imepangwa kwa mstari wa nyuzi 30 mashariki, na Masisi iko karibu nao. Nairobi jua hufika juu kabisa yapata nusu saa baada ya saa kuonyesha sita. Karibu na Juni na Desemba pembe hupungua, kidogo asubuhi na zaidi adhuhuri, lakini kwa kazi ya picha haitakudanganya.

Ukishajua pembe, unajua kivuli. Chukua mtu anayelitazama jua. Mfupa wa nyusi zake umetangulia mbele ya jicho kwa sentimita moja na nusu hivi. Saa mbili asubuhi mfupa huo unatupa kivuli kisichotimiza sentimita moja, na jicho liko wazi. Saa tatu kivuli kina urefu wa sentimita moja na nusu, kinagusa kope. Saa nne kinapita sentimita mbili na nusu, jicho limezama. Jua likifika nyuzi 70 kivuli ni sentimita nne, kimeshuka hadi shavuni, na badala ya macho una mashimo mawili. Ongeza kofia yenye ukingo wa sentimita saba. Saa mbili kivuli chake ni sentimita nne, saa nne ni kumi na mbili, na kwenye nyuzi 70 ni kumi na tisa. Uso mzima umekwenda, na kidevu pamoja nao.

Kwa hiyo mtu akiniuliza picha za jua zinapigwa saa ngapi Masisi, namjibu: kabla ya saa tatu, au baada ya saa tisa. Tatizo ni kwamba misa ya ndoa haimaliziki saa tatu. Inamalizika saa saba, na bibi harusi anataka picha penye nyasi, na vilima nyuma yake, na ng'ombe kama wapo. Ndoa yangu ya kwanza kupiga kule niliwasimamisha wale wawili malishoni saa saba na robo. Gauni liliungua likawa karatasi tupu, suti ikawa shimo jeusi, na macho ya bibi harusi sikuyaona tena hadi leo.

Mosse aliokolewa na nini? Maelezo haya ni ya fizikia, yeye mwenyewe sikumsikia akiyasema. Kwa filamu yake nyasi zile ni kama shuka jeupe lililotandikwa miguuni. Zinarudisha infraredi kutoka chini kwenda juu, hadi chini ya nyusi na chini ya kidevu. Tena melanini, inayokunywa mwanga wa kawaida kwa kiu kubwa, infraredi haiinywi sana, kwa hiyo ngozi ya rangi yoyote huirudisha kwa wingi. Kati ya matabaka matatu ya filamu, moja linapata mwanga ndani ya kivuli ambamo jicho letu linaona giza. Kivuli kinapata wekundu badala ya kufa.

Mwenye simu au kamera ya kawaida akisimama pale pale hapati zawadi hiyo. Nyasi zinamrudishia mwanga haba, na huo haba ni wa kijani. Angalia picha za harusi za malishoni: chini ya kidevu kuna ukijani wa mgonjwa wa nyongo. Turubai la buluu linatia ubuluu, bidoni la njano linatia unjano. Ukipiga mtu kando ya hema la wakimbizi wa ndani, tafuta upande wa turubai jeupe. Jiwe jeusi la volkano, kama lile la njia ya Goma kwenda Sake, halirudishi kitu. Ni zuri kwa mandhari ya nyuma, halifai kwa miguuni.

Dawa ya kwanza haina gharama: shusha jua. Huwezi kulishusha lenyewe, ila unaweza kuinua uso. Masisi ni nchi ya miteremko, na fundi anayepiga akiwa tambarare anapoteza mali. Mwache mtu akae kwenye kibao upande wa chini, wewe panda juu hatua nne, mwite: "Papa, nitazame huku." Akiinua uso nyuzi 25, jua la nyuzi 70 limekuwa kwake jua la nyuzi 45. Umerudisha saa kutoka adhuhuri hadi saa tatu bila kumsubirisha mtu. Hasara yake ni kwamba anakunja uso, na mtu aliyekunja uso hutoka kama mwenye hasira hata kama alikuwa anacheka. Mwambie afumbe macho, hesabu hadi tatu, afumbue, bonyeza. Una nusu ya sekunde.

Dawa ya pili ni kivuli chenyewe, na hapa mabwana wawili wa mbali wanafaa kutajwa. Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, alipiga sehemu kubwa ya kazi yake kwa mwanga wa mchana uani kwake, akitundika kitambaa nyuma. Kitambaa cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake. Richard Avedon, Mmarekani, kati ya 1979 na 1984 alizunguka magharibi ya nchi yake akipiga wachimba migodi na wachunga ng'ombe. Jua la kule ni la jangwani, naye hakulitumia. Alibandika karatasi nyeupe kwenye ukuta ulio upande wa kivuli, akamsimamisha mtu mbele yake. Mbingu yote iliyo wazi ikawa taa yake. Taa pana namna hiyo haichongi mfupa wa nyusi.

Ngozi nyeusi inaipenda taa pana kwa sababu nyingine ambayo vitabu vingi vinaipitia mbio. Mng'ao wa juu ya ngozi, ule wa jasho na mafuta, ni takriban asilimia nne ya mwanga unaoipiga, kwa binadamu wote. Kwenye ngozi nyeupe mng'ao huo unamezwa. Kwenye ngozi nyeusi unajitokeza kama sarafu kwenye paji la uso. Jua ni taa kali na ndogo, kwa hiyo sarafu ni ndogo na imeungua. Mbingu ni taa kubwa, sarafu inatandaa na kuwa umbo la shavu. Kwa hiyo leso ya kufutia jasho ni sehemu ya vifaa vyangu, ila kivuli kinafanya kazi kuliko leso.

Kivuli nacho kina deni. Jua la wazi ni kama laki moja ya luksi. Chini ya upenu utapata elfu kumi, ishirini ukibahatika. Ni tofauti ya hatua tatu hivi, na kila hatua ni mwanga mara mbili. Ukimweka mtu kivulini na nyuma yake malisho yenye jua, chagua mmoja wa kumpoteza. Kamera ikiachwa yenyewe itayachagua malisho, kwa kuwa ni makubwa, na uso utazama. Geuza. Mandhari ya nyuma yawe na giza kuliko uso: mlango wa nyumba, ukuta wa mbao, msitu.

Kuhusu flashi nitasema machache. Jua kavu kwa ISO 100 linataka f/11 kwa moja ya mia mbili ya sekunde, na kamera nyingi zikipita kasi ya hapo flashi ya kawaida inakata nusu ya picha. Flashi ndogo yenye nguvu zake zote itafikisha kipimo hicho kwa mita tatu tu. Inatosha kufungua macho ya mtu mmoja. Kwa ukoo mzima wa bwana harusi haitoshi, na ile ya simu usijisumbue nayo.

Walikale ni habari nyingine. Huko chini jua linakuja kwa vipande: madoa kwenye majani, madoa kwenye paji la uso, na barabara kuu iliyo kama mfereji mweupe kati ya kuta mbili za msitu. Kamera hapa inakosea kinyume cha Masisi. Inaona msitu mweusi nyuma, inadhani ni usiku, inaongeza mwanga, na uso ulio sawa unaungua. Mimi hupunguza hatua moja kabla ya kumwita mtu. Na simweki msituni wala barabarani. Namweka kizingitini mwa nyumba inayoikabili barabara, mabati ya upenu juu, ndani giza, na mbele yake udongo mkavu unaomulika kutoka chini. Udongo wa huko una wekundu, unampa mtu joto la ngozi ambalo hakuna filta itakayokuuzia.

Mara ya mwisho nilikuwa na mzee mmoja, saa sita kamili, mwenye kofia ya ukingo. Nikamwambia, "Mzee, samahani, tuondoe kofia kidogo tu." Akanijibu kwamba kofia ilikuwa hapo kabla sijazaliwa. Nikamkalisha kizingitini kwenye kibao, nikaomba kwa mama wa nyumba kitambaa cheupe cha meza, nikakitandika chini mbele ya miguu yake, pale jua lilipokata mstari wa upenu. Ukingo wa kofia ukawaka kwa chini. Macho yakatokea, yote mawili, na ndevu moja moja. Nilipiga picha sita. Tulipomaliza mama akakiinua kitambaa, akaugeuza upande uliolala kwenye udongo, akaniuliza ni nani atakayekifua.