Barolo na Ufundi wa Kungoja

Mvinyo wa Barolo ukiwa mchanga hauna adabu. Uonje mwaka unaoingia sokoni: ulimi unakauka, fizi zinakaza, mashavu yanavutwa ndani kama ya mtu aliyeuma bibo bichi. Asiyeujua atairudisha glasi mezani na kuuliza watu wanalipia nini. Anayeujua naye hastarehe, ila anatulia apate kujua ule ukakasi umekaa wapi: umeenea mdomo mzima au umerundikana mahali pamoja, na nyuma yake mna tunda au hamna. Huo ndio ufundi ninaousifu, wa kuonja leo kitu kitakachokuwa tayari baada ya miaka 20.

Zabibu yake ni Nebbiolo, ya vilima vya Langhe katika mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, ambako vijiji 11 tu vina ruhusa ya kuandika jina la Barolo kwenye chupa. Huwahi kuchipua, huchelewa kuiva. Mara nyingi huvunwa Oktoba, ukungu umeshaanza kutanda mabondeni. Mashamba ya zabibu ya Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Kule Langhe ni mara moja, na mvua ya mawe ya Septemba inaweza kuondoka na mavuno yote. Zabibu hii ina tanini nyingi, zile zinazokausha ulimi, na rangi haba, kwa hiyo mvinyo wake unaonekana mwepesi machoni, halafu unang'ata. Wanaopima nguvu ya mvinyo kwa weusi wake huumbuka hapa. Hata kijiji na kijiji hutofautiana: wa La Morra hulainika mapema, wa Serralunga d'Alba ni mgumu na wa kuwekwa.

Sheria inadai miezi 38 tangu tarehe 1 Novemba ya mwaka wa mavuno, 18 kati yake ndani ya mbao. Ule unaoitwa Riserva, unaowekwa zaidi, miezi 62. Mbao gani? Hapo ndipo watu walipogombana. Wazee walitumia mapipa makubwa ya mwaloni, ya maelfu ya lita, yasiyoacha ladha yao ndani ya mvinyo. Miaka ya 1980 vijana wakataka mvinyo unaonyweka mapema. Mwaka 1983 mmoja wao, Elio Altare, alichukua msumeno wa injini akayakatakata mapipa ya baba yake, ili aingize yale madogo ya Kifaransa, ya lita 225. Baba akamnyima urithi. Upande wa pili, wa wazee, alikuwapo Bartolo Mascarello, aliyechora lebo kwa mkono wake ya kuyakataa mapipa hayo madogo na, kwa mkupuo huohuo, kumkataa mwanasiasa Berlusconi. Mimi niko na mzee Bartolo. Pipa dogo jipya hutia vanila pale ambapo waridi lilitosha. Hata hivyo vijana wapewe haki yao: walipunguza mashada shambani na kusafisha mapipa, na wakongwe wenyewe wakajifunza.

Ndani ya chupa, tanini hushikana zenyewe kwa zenyewe na pamoja na rangi, hadi nyingine zikawa nzito na kutua chini kuwa mashapo. Wekundu huelekea rangi ya tofali. Tunda bichi linapisha harufu ya waridi lililokauka, lami, majani ya chai, uyoga. Uchachu haupungui, na ndio unaoushikilia mvinyo wima uzeeni. Mtunzaji kazi yake ni giza, nyuzijoto 12 hadi 14, unyevu wa wastani, na chupa iliyolazwa ili kizibo kisikauke. Joto la Dar es Salaam au Mombasa litauzeesha kabla haujakomaa. Bila kabati la ubaridi usiokatika, bora usinunue.

Kazi nyingine ni kutofungua. Hufika miaka mvinyo ukajifunga, manukato ya ujana yameondoka na ya utu uzima hayajaingia, na hapo chupa nyingi nzuri hupotea bure. Mwenye uwezo anunue chupa sita za shamba moja na mwaka mmoja, azifungue kwa kupishanisha miaka, na aandike alichokuta. Daftari hilo litamfaa kuliko alama za wakosoaji.

Siku ikifika, isimamishe chupa tangu jana yake. Mimina taratibu kwenye jagi la kioo, taa ikiwa nyuma ya shingo, na uache mara mashapo yanapokaribia. Ulio mchanga uupe saa kadhaa za hewa. Wenye miaka 40 usiuache wazi hata kidogo, maana unaweza kufifia glasini ukiwa bado unatafuta viti. Samaki siku hiyo apumzike. Akikutana na mvinyo huu mdomo unaweza kujaa ladha ya chuma. Pika nyama ya ng'ombe kwa moto mdogo, yenye mafuta, wala usikimbilie pilipili.