Nani Huamua Globu Iungue Lini?

Mwaka 1960 mwandishi wa Marekani, Vance Packard, alitoa kitabu kiitwacho The Waste Makers. Humo alifichua jinsi viwanda vya kwao vilivyotengeneza bidhaa kwa makusudi ili zichakae au zipitwe na mitindo upesi, mnunuzi arudi dukani, huku maliasili ikiteketea. Kwa ufichuzi huo, kada yeyote hana budi kukisoma.

Dawa yake, lakini, ni dhaifu. Anamtaka mnunuzi arudie fahari ya kuwa mwangalifu. Mnunuzi gani, Ndugu? Mwaka 1924 mabepari wa taa za umeme walikutana Geneva, wakaunda umoja wao, Phoebus. Wakakubaliana kwamba globu ya kawaida iwake saa 1,000 tu, ingawa za saa 1,500 na zaidi zilikwishatengenezwa, na kiwanda kilichotoa globu zenye kudumu kupita kiwango hicho kilitozwa faini (naam, faini kwa kazi nzuri!). Mfanyakazi aliyezinunua hakuulizwa. Uangalifu wake usingeongeza hata saa moja. Kioo na waya vilikwenda jalalani kwa amri ya wenye mali, na amri hiyo Packard anaiacha mikononi mwao.