Tui Lililokatika: Mlo wa Saa Tano katika Hoteli ya Mji Mkongwe

Neno la Kiingereza «brunch» lina umri unaojulikana, na hilo ni nadra kwa maneno ya chakula. Aliliandika Guy Beringer mwaka 1895, katika makala fupi iliyochapishwa na jarida la Kiingereza la Hunter's Weekly, akiwatetea watu waliokesha Jumamosi usiku wasilazimishwe kula mlo mzito Jumapili mapema. Alichukua kifungua kinywa na chakula cha mchana akavisokota pamoja, akapata mlo wa watu waliochelewa kuamka.

Mfasiri anayelipokea neno hilo hupata taabu, na taabu yake si ya uchache wa maneno. Tunayo staftahi, tunacho kifungua kinywa, tunacho chamshakinywa. Wazee walikuwa na kisabeho, na mchana tunacho chamcha. Anayetaka mchezo ataunga «kisabechamcha», wala hakuna atakayemshitaki, ila neno hilo litakufa kabla chai haijapoa. Mji huu huamshwa na adhana ya alfajiri. Mtu akifika saa tano hajatia kitu kinywani, ama amefunga ama ana dhiki, na hali zote mbili zina majina yake tayari. Basi katika ukurasa huu nitauita mlo wa saa tano, na msomaji anisamehe.

Mlo huo siku hizi unaandaliwa katika baadhi ya mahoteli ya Mji Mkongwe, na mwaka huu nimeula mara tatu katika hoteli moja, Jumapili, baina ya saa nne na nusu na saa nane. Jina la hoteli sitalitaja. Nina ugomvi nayo, kama msomaji atakavyosikia mbele, na mhakiki mwenye ugomvi heri ataje kosa aache jina. Bei yake kwa kichwa kimoja ni shilingi 55,000, ambazo mara mbili nilizitoa mfukoni mwangu na mara ya tatu nilialikwa. Mara niliyoalikwa chakula kilikuwa kibaya zaidi, kwa hivyo sidhani kuwa nimehongwa.

Nianze na nyumba, kwa kuwa nyumba ndiyo ilionifurahisha kwanza. Dari za nyumba zetu za mawe hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki sana mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba kama ushoroba. Mwenye hoteli wa siku hizi aghalabu hutamani ukumbi, na ukumbi hapa haupatikani ila kwa kubomoa ukuta. Hawa hawakubomoa. Wamezipanga meza katika mstari mmoja toka dirishani hadi mlangoni, kila mlaji anaona kisogo cha mwenzake, na mhudumu hupita upande kama mtu anayetafuta nafasi yake msikitini. Wageni wengine nimewasikia wakilalamika. Mimi nilikaa kwa raha, nikaona kuwa nimo ndani ya nyumba iliyokuwa na mambo yake kabla yangu. Chokaa ni chokaa ya kweli, inaacha unga begani.

Muziki ni taarabu ya zamani, iliyoteremshwa sauti kiasi cha maneno kutosikika. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake ishikwe kwenye santuri, nayo ilishikwa kwa ajili ya maneno. Kuifanya mvumo wa nyuma ya vijiko ni utovu wa adabu ambao hakuna aliyeukusudia. Nilimwomba kijana aongeze kidogo. Aliongeza, kisha bibi mmoja wa meza ya nne akaomba apunguze, akapunguza. Haki sawa kwa wote.

Kijana huyo alinipokea kwa Kiingereza, akatazama kofia yangu, akarudi nyuma hatua moja. «Shikamoo, maalim,» akasema, kwa sauti nyingine kabisa. Nimeandika haya si kumkejeli. Amefunzwa sauti ya kwanza kwa mshahara, na ya pili alikuja nayo.

Sasa chakula. Bango la mlangoni linasema kuwa humu mna «vyakula halisi vya asili», na kila ninapokutana na neno asili juu ya chakula cha pwani hushika kalamu. Muhogo ulitoka Amerika pamoja na Wareno, na pilipili na mahindi vilitoka huko. Karafuu tunayojivunia ilipandwa hapa mwanzoni mwa karne ya 19, nayo kwao ni visiwa vya Maluku. Kwa hivyo sina hamu ya kumlaumu mpishi kwa kupaka parachichi juu ya boflo na kuweka yai lililochemshwa bila ganda. Nililila lote. Chila zilikuwa laini na zenye matundu, unga wa mchele ulioachwa uumuke usiku kucha bila ya kuharakishwa. Vitumbua vilikuwa vidogo mno, vya kupigiwa picha. Juisi ya bungo ilikuwa kali na nzito kama inavyotakiwa, na ningependa kumwona aliyeamua kutoitia sukari nimpe mkono.

Mkate wa mofa ndio uliokuwa bora kuliko vyote. Ni wa mtama, umebandikwa ndani ya ukuta wa tanuri la udongo, una harufu ya moshi na kingo zilizoungua kidogo, na umeletwa pamoja na pweza. Pweza huyo alipigwa vizuri, na mpishi alijua wakati wa kumwepua. Wanawake wa pwani ya mashariki wanaokwenda kumtafuta maji ya bamvua yakitoka hawatajwi popote katika orodha ya vyakula, ingawa mti uliotengenezewa meza umetajwa.

Kisha kuna sinia. Mlaji huletewa sinia la shaba, na juu yake vibakuli saba vya mtu mmoja. Sinia kwetu ni chombo cha watu kukizunguka, kila mmoja akala upande ulio mbele yake bila ya kuvuka kwa jirani, na adabu ya kula imo katika mpaka huo usioonekana. Sinia la mtu mmoja ni trei.

Yote hayo ni madogo. Jambo lililonifanya niandike ni mbaazi.

Mbaazi za nazi katika meza ile huwekwa ndani ya chombo cha bufee chenye moto mdogo chini yake, toka saa nne na nusu hadi saa nane. Mara ya kwanza nilifika saa nne na dakika arubaini nikazipata nzuri. Mara ya pili nilifika saa sita. Juu kulikuwa na mafuta ya manjano yanayong'aa, chini maji ya kijivu, na katikati vipande vyeupe mithili ya maziwa yaliyoganda. Tui lilikuwa limekatika. Mgeni aliye mbele yangu alichota, akala, akatikisa kichwa kwa heshima, na bila shaka amerudi kwao akijua kuwa mbaazi za Unguja ndivyo zilivyo.

Kosa hili halikutokana na uzembe. Limo ndani ya umbile la mlo wenyewe. Mlo wa saa tano ulibuniwa kwa ajili ya mtu asiyetaka kuulizwa atafika saa ngapi, kwa hivyo unataka chakula kinachovumilia kungoja. Nyama ya kuokwa huvumilia, na mikate huvumilia. Mapishi yetu ya nazi yamejengwa juu ya dakika ya mwisho. Tui jepesi ndilo linalopika. Tui la kwanza, lililokamuliwa bila ya maji, hutiwa mwishoni, likakorogwa kwa mkono usiosita, likipata joto tu chungu kiteremshwe. Ukilichemsha saa tatu utapata mafuta na majuto. Mapishi hayo hayajui mlaji wa wakati wowote. Yanamtaka mtu aliyeitwa akaja.

Hapa ndipo ugomvi wangu unapoingia. Mwaka 2019 hoteli hiyo iliniomba niitafsiri orodha yake ya vyakula kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Tazama safari yenyewe: mama wa Kipemba anapika, mshauri mgeni anaonja na kuandika kwa Kiingereza, kisha mimi narudisha kwa Kiswahili chakula ambacho hakikuwahi kutoka katika Kiswahili. Kwa Kiingereza mbaazi zilisifiwa kuwa ndani ya krimu nzito ya nazi. Nami nikaandika «mbaazi katika tui zito», nikaona nimefanya kazi ya maana, nikalipwa, tena kwa wakati. Ugomvi si wa fedha.

Siku ya kukabidhi karatasi niliteremka jikoni kusalimia. Yule mama akaomba asomewe. Nilipofika kwenye mbaazi akaweka mwiko chini.

«Maalim, nani kakwambia nazipika kwa tui zito? Zinapikwa kwa tui jepesi. Kasimele inakuja mwisho.»

Kasimele. Neno hilo nililijua. Niliacha skuli mapema, na Kiswahili cha vitabu nimejifunza kwa kamusi kuukuu isiyokuwa na jalada, nikiisoma kurasa kwa kurasa kama wengine wanavyosoma hadithi. Kasimele nililikuta humo nikiwa kijana, nikalinakili katika daftari la maneno yaliyokufa, na miaka yote hiyo nimelingojea shairi la kulifufulia. Kumbe lilikuwa halijaugua hata siku moja. Lilikuwa jikoni, linatajwa kila asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa sipo. Nimewahi kukosolewa na maprofesa bila ya kuona haya. Mbele ya mwiko ule niliona haya.

Nilimwandikia meneja nikaomba mstari ubadilishwe. Jibu lake lilikuwa la adabu: orodha imeshapelekwa kupigwa chapa, na wageni hawasomi Kiswahili. Sitaki kulidharau jibu hilo. Anayelipa ndiye anayesomewa, na mshahara wa yule mama hutoka kwa wasomaji wa Kiingereza. Mwaka 2020 mahoteli yalipofungwa kwa sababu ya corona, yeye alikuwa akiuza vitumbua mlangoni kwake, vikubwa, wala hakuna mshairi aliyemlipia kodi ya nyumba. Lakini meneja alikosea pahala pamoja. Alidhani neno ni pambo la chakula, na neno hili ni maelekezo yake. Anayejua kuwa kuna kitu kiitwacho kasimele, tena kinachokuja mwisho, hawezi kukiweka juu ya moto saa tatu na nusu. Mshauri hakulijua, akaandika krimu. Na krimu, kila mtu anajua, huweza kukaa.

Orodha ya sasa imechapishwa upya, na Kiswahili changu kimeondolewa chote, kosa langu likiwa miongoni mwa vilivyoondolewa, jambo ambalo nashukuru. Yamebaki majina ya vyakula kwa herufi za kulala, na mbaazi zimepungukiwa na irabu moja.

Mara ya tatu, nilipokuwa mwalikwa, tui lilikatika mapema zaidi, kwa kuwa kipupwe kilikuwa kimeharibika na moto umeongezwa ili watu waone moshi. Sikusema kitu. Nilimwomba yule kijana aende jikoni akaulize kama mama anaweza kunipa sahani moja ya mbaazi zisizopita mezani. Alichelewa kiasi cha robo saa. Zikaja katika bakuli la bati la wafanyakazi, nyeupe, zimetulia, na pilipili mbuzi nzima juu yake isiyopasuliwa.

Wiki ile ile meneja mpya alinipigia simu. Wanataka Kiswahili kirudi, kwa sababu wageni sasa wanakipenda, akasema. Nilimwambia nitaifanya kazi hiyo bila ya karatasi ya Kiingereza, nikikaa jikoni asubuhi mbili au tatu na kuandika ninavyoambiwa. Aliahidi kunijibu, nami bado nangoja.

Sahani ile ya jikoni haikuwa katika hesabu ya mwaliko, na kijana alilazimika kuiandikia risiti. Aliniuliza aiite nini. Nikamwambia aandike anavyoita mama. Aliandika kwa kalamu, chini ya maandishi ya mashine: «mbazi za kasimeli, 1».