Ushindi Uliofuta Kicheko: Tahakiki ya The Bad News Bears in Breaking Training

Filamu ya The Bad News Bears, iliyoongozwa na Michael Ritchie na kutolewa nchini Marekani mwaka 1976, yamalizika kwa kushindwa. Timu ya watoto iitwayo Bears yapoteza fainali ya ligi ya besiboli kwa alama 6 dhidi ya 7 za Yankees, na kushindwa huko ndiko kilele cha kazi nzima. Mwaka mmoja tu baadaye, watoto wale wale walirejeshwa mbele ya watazamaji katika The Bad News Bears in Breaking Training, iliyoongozwa na Michael Pressman kwa mswada wa Paul Brickman. Na safari hii walishinda. Hapana budi kuuliza ushindi huo uliongeza nini katika maana ya kushindwa kule kwa kwanza.

Ili swali hili lijibike, yafaa kwanza kukumbuka futuhi ya filamu ya 1976 ilitoka wapi. Haikutoka katika utundu wa watoto peke yake. Bears iliundwa kwa sababu ya kesi: mwanasiasa mmoja wa mji aliishtaki ligi ili mwanawe na watoto wengine waliokataliwa wapate kucheza. Basi timu ile ni mkusanyiko wa waliobaki, na kocha wao, Buttermaker, ambaye Walter Matthau anamwigiza kwa ustadi mkubwa, ni msafishaji wa mabwawa ya kuogelea, mchezaji wa zamani asiyewahi kufika mbali, mnywaji bia asubuhi na jioni. Hata fulana za watoto zina jina la mfanyabiashara anayewawekea dhamana mahabusu. Mtazamaji hucheka, lakini kicheko chake kina uchungu ndani yake, kwani kila anachokicheka kwa mtoto kimetoka kwa mtu mzima.

Hata matusi yana kazi. Tanner, kijana mfupi mwenye hasira, huwatukana wenzake kwa rangi na kabila zao, nao ndugu wawili wa Aguilar, wasiojua Kiingereza, wamo katikati ya kelele hizo bila kuelewa neno. Mtoto hakuyabuni maneno yale. Ni lugha ya baba, ya mtaa na ya televisheni, iliyotiwa katika kinywa kidogo mpaka ubaya wake ukaonekana. Huu ni mfano mzuri wa kinaya cha lugha, na mwanafunzi wa isimujamii angeweza kuuchambua kwa faida.

Buttermaker naye huambukizwa ugonjwa wa kutaka ushindi. Anamwamuru Kelly Leak, mchezaji wake bora, awanyang'anye wenzake kila mpira. Anammwagia bia Amanda, binti aliyemfundisha kurusha mpira, pale binti huyo anapomwomba awe karibu naye na mama yake. Kisha katika fainali Roy Turner, kocha wa Yankees, anamzaba kofi mwanawe Joey mbele ya kadamnasi. Joey halii. Mpira unapomfikia anaushika mkononi asiutupe, akamwacha mpigaji wa Bears azunguke vituo vyote, kisha anauangusha miguuni pa baba yake na kuondoka na mama yake. Ni tukio lisilohitaji maneno. Buttermaker anajiona katika kofi lile, anawatoa wachezaji wake hodari na kuwaingiza waliokuwa wakikaa benchi. Ndipo Timmy Lupus, mtoto dhaifu kupita wote, anapoudaka mpira wa juu. Kwa hiyo Bears walishindwa kwa hiari ya mtu mzima aliyezinduka.

Filamu ya pili ilifanya nini na urithi huu? Ilimwondoa mtu mzima. Buttermaker hayupo, wala Amanda. Kutokuwapo kwao hakuachi hata jeraha katika mioyo ya watoto. Kocha mkali mwenye tabia za kijeshi anafukuzwa mwanzoni, mtunza uwanja anatumiwa kuwahadaa wazazi, kisha watoto wanaingia katika gari, Kelly akiwa dereva, na kuelekea Houston. Safari hiyo inachekesha hapa na pale, lakini ni kicheko cha utoro mtupu. Msomaji wa Hekaya za Abunuwasi anajua vyema kwamba hila ya Abunuwasi haina ladha asipokuwapo Sultani. Mwondoe mwenye enzi, na mjanja anabaki kuwa mtu mwenye vituko tu. Ndivyo ilivyompata Tanner: matusi yake yamebaki, lakini yamekuwa kama njuga mguuni, huliza bila kusema kitu.

Yaweza kudaiwa kwamba mwendelezo hauna budi kuwa hafifu, kwa kuwa wahusika wamekwisha kujulikana. Dai hili halina nguvu mbele ya kazi za Muhammad Said Abdulla. Bwana Msa wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ndiye yule yule wa Kisima cha Giningi (1968), pamoja na Najum wake na kiko chake. Lakini mwandishi alibeba kutoka kitabu hadi kitabu uhusiano wa akili mbili zisizolingana, na uhusiano huo ndio unaozaa kila kisa. Pressman na Brickman walibeba majina na fulana, wakauacha uhusiano nyuma.

Haki isemwe: hawakukosa kuliona pengo hilo. Walijaribu kulijaza kwa Mike Leak, baba aliyemtelekeza Kelly, na William Devane anamwigiza kwa utulivu unaostahili filamu bora zaidi. Mtoto anamwendea baba si kwa mapenzi bali kwa haja, kwani wakubwa wa Houston wamegundua kwamba timu haina msimamizi. Hapa palikuwa na tamthilia kamili. Lakini kisa hicho kinapewa nafasi finyu kati ya mzaha na mazoezi, na uchungu wa miaka unasuluhishwa upesi mno kwa sababu mechi inangoja.

Jambo la ajabu ni kwamba filamu hii inabeba hukumu yake yenyewe. Mrushaji mpya, Carmen Ronzonni, ana kasoro moja: huiga mitindo ya warushaji mashuhuri, na mpira haufiki panapotakiwa. Mike Leak anamfundisha aache kuiga atafute mtindo wake. Ushauri huo ulifaa kufika kwa watayarishaji.

Kisha yaja Astrodome, uwanja mkubwa wenye paa uliofunguliwa mwaka 1965. Mchezo wa watoto umepangwa kati ya mechi mbili za wakubwa. Muda unapokwisha maofisa wanataka kuusimamisha, Tanner anakataa kutoka na kukimbizwa uwanjani, na umati mzima, pamoja na wachezaji wa kweli wa Houston Astros kama Bob Watson, unadai watoto waachwe wacheze. Tukio hili husisimua, na si vigumu kuona kwa nini ndilo linalokumbukwa zaidi. Walakini maana yake ni kinyume kabisa cha filamu ya kwanza. Mwaka 1976 watu wazima waliokaa kuwazunguka watoto ndio waliokuwa tatizo. Mwaka 1977 maelfu ya watu wazima wanapiga makofi, na hakuna hata mmoja anayeulizwa kitu. Ushindi unafuata, na ushindi huo ukafungua njia ya filamu ya tatu, iliyowapeleka Bears Japani mwaka 1978.

Na Timmy Lupus, yule aliyeudaka mpira? Katika filamu ya pili amevunjika mguu. Wenzake wanakwenda kumwaga, kisha wanaondoka kwenda Houston bila yeye.